Mkono Mmoja, Njia Nne

Wadogo zangu, tangu niiache meza yangu ya ufundi pale karibu na stendi ya Mbinga, maswali yenu hayajaniacha. Mnanikamata nikitoka misa ya kwanza, mnanisimamisha sokoni nikiwa nimeshika mafungu ya mboga. "Shikamoo Dada Bibiana. Nimepata kile kiboksi cha gemu za zamani, nimekichomeka kwenye tivii, sasa ninunue pedi gani ya kuchezea?" Nami nawajibu kama nilivyowajibu wateja kwa zaidi ya miaka thelathini: unapenda gemu ipi? Halafu, nionyeshe mikono yako.

Hapo mnacheka, mnadhani nataka kusoma viganja. Nataka tu kuona kama vidole ni virefu au vifupi, kama kidole gumba kinapinda vizuri, kama kuna kovu la panga linalovuta ngozi. Kuchagua kunaanzia mkononi, kunapitia kwenye gemu, ndipo kunafika dukani. Wengi wenu mnaanzia dukani, tena kwa kuangalia rangi ya taa za pedi.

Nimeona niwaandikie kwa sababu kuna mikono ambayo ilinifundisha kazi hii mara mbili, nikiwa msichana na nikiwa nimeshastaafu. Ni mikono ya mdogo wangu wa mwisho, Otmar. Nimetengeneza vitu vingi maishani, lakini kile nilichomtengenezea Otmar ndicho ninachojivunia kuliko vyote. Mniwie radhi nikizunguka kidogo kabla ya kukifikia.

Wazazi wetu walifariki katika mwaka mmoja, kule Maguu. Nilikuwa darasa la sita, nikiwa mkubwa wa watoto wanne, na Otmar alikuwa na miaka minne. Baada ya matanga baba wadogo walikaa kikao cha kutugawa: mmoja aende Mapera, mmoja Kingerikiti, Otmar apelekwe ziwani kwa ndugu wa mama. Nilisimama mlangoni nikasema hatugawanywi. Baba mdogo mmoja akaniuliza nitawalisha nini. Nikamwambia shamba lipo na mikono ninayo. Shule ikaishia hapo, na sijawahi kuijutia siku ile.

Mnaotoka Umatengo mnajua ngolo zinavyolimwa. Wanaume wanakata nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana, shamba zima linakuwa madirisha madirisha. Kisha wanawake wanachimba udongo katikati ya kila dirisha na kuufunika juu ya nyasi, linabaki shimo na matuta kulizunguka. Kwetu hapakuwa na mwanamume, kwa hiyo nilikata mimi, nikalaza mimi, nikachimba mimi. Majirani walipita wakicheka kumwona msichana analaza nyasi. Mistari yangu ilinyooka kuliko ya waume zao, na baadhi yao walikuja baadaye kuitazama.

Nyasi zikishalazwa, kabla sijaanza kuchimba, wadogo zangu walikuwa na mchezo wao. Walikimbizana juu ya mistari tu. Ukikanyaga ndani ya dirisha, umezama, unatoka. Otmar hakuzama hata siku moja. Alifika kwenye kona kwa kasi, akageuka kama mlango, akaondoka. Ukumbukeni mchezo huo, nitaurudia.

Wadogo zangu walipopata nguvu ya kubaki na shamba siku za katikati ya wiki, nilishuka mjini Mbinga kutafuta kazi. Fundi redio mmoja, Mzee Gervas, alinichukua kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba, vinaingia nyuma ya redio bila kufungua kila kitu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimletea kifaa alikishika kwanza akiwa amefumba macho, anabonyeza, anatikisa, anasikiliza. Nilidhani anasali. Baadaye nilielewa kwamba macho yanadanganywa na plastiki inayong'aa, lakini vidole havidanganywi. Mpaka leo nawaambia: ukiwa dukani, fumba macho. Bonyeza kila batani mara nyingi. Inayorudi kwa uvivu leo itakwama mwezi ujao.

Siku moja Mzee Gervas alinunua sanduku la gemu, refu kama kabati la nguo, kutoka kwenye hoteli iliyofungwa mbali huko. Ndani yake kulikuwa na gemu ya panya anayekimbizwa na paka wanne ndani ya ghala, akiokota punje kwenye vichochoro. Hakuna batani ya kupiga wala kuruka, ni kijiti kimoja tu, juu, chini, kushoto, kulia. Tuliliendesha kwa jenereta, na foleni yake Jumamosi ilikuwa inafika barabarani.

Kijiti kilipoanza kuwa kigumu nilipewa nikirekebishe. Kwa chini, kijiti kinapita kwenye tundu la bamba la chuma, na tundu lile lilikuwa na umbo la msalaba. Nikaona huo ni ubahili wa waliolitengeneza, kwa nini kijiti kizuiwe? Nikachukua tupa, nikalisugua likawa duara safi. Kijiti kikazunguka kama mwiko kwenye uji. Nilijisifu wiki nzima, na wiki nzima wachezaji walilalamika kwamba panya anakufa kwenye kona.

Mzee Gervas hakunigombeza. Jumamosi Otmar, aliyekuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano, alikuja kuniletea unga na maharage kutoka nyumbani. Mzee akamsimamisha mbele ya sanduku acheze. Otmar, bingwa wa foleni ile, akafa kona ya tatu. Mzee akamuuliza kuna nini. Otmar akanigeukia mimi.

"Dada, kijiti kinanizamisha."

Mzee Gervas naye alikulia kwenye ngolo. Alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia nitengeneze bamba jipya lenye tundu la msalaba, na nilipomaliza akasema kwa upole kwamba mkono wa mtu aliye mbioni haugeuki pembe mraba, unakata kona. Bamba ndilo linaloubakiza juu ya nyasi. Otmar alicheza tena, na panya hakuzama.

Hilo liwekeni akilini. Gemu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa njia nne tu. Pedi zenu za siku hizi zina kile kijiti kifupi kama uyoga, kinakwenda kila upande, nanyi mnakisifia kwa uhuru wake. Kwa gemu za vichochoro kiacheni, tumieni ile alama ya msalaba iliyo kando yake. Na msalaba wenyewe uujaribu: weka gumba katikati, liyumbishe polepole. Kama mchezaji kwenye tivii anayumba mshazari wakati wewe unasukuma juu, rudisha pedi hiyo kwa mwenye duka.

Kuna gemu nyingine hazitaki kijiti kabisa. Ile ya kupangua matofali kwa mpira inataka kitufe cha kuzungusha, na msipoteze muda kuitafuta pedi yake. Tafuteni deki mbovu ya kanda za video, zimejaa kwenye stoo za wazazi wenu. Ndani yake kuna kichwa cha chuma kinachozunguka laini kuliko kitu chochote kinachouzwa mjini. Kifunge na gurudumu dogo la mausi ya zamani, ile yenye mpira tumboni, na utakuwa na kitufe ambacho wageni watakuuliza umekiagiza wapi. Ama zile bunduki za kulenga tivii, nawaomba msinunue. Zilitengenezwa kwa tivii nene za kichogo. Kwenye tivii bapa utalenga bata mpaka uzeeke na hatakufa.

Pia jihadharini na ucheleweshaji. Mwalimu mmoja wa kwaya alikuja mezani kwangu na pedi isiyo na waya, akidai imeharibika. Enzi hizo wateja wageni walikuwa wakiniamkia, kisha wanaangalia nyuma yangu na kuuliza fundi yuko wapi. Huyu naye aliuliza. Nikamwambia fundi ni huyuhuyu aliyemwamkia sasa hivi. Akatahayari kidogo, kisha akaanza kupiga makofi mezani kunionyesha shida: anabonyeza kwenye pigo la kwanza, mchezaji anaruka karibu na la pili, kama besi wanaoingia nyuma ya wimbo. Hakuna mtu aliyewahi kunieleza tatizo lile vizuri namna hiyo. Nilimpa pedi ya waya, nikamwelekeza aingie kwenye mipangilio ya tivii atafute sehemu ya gemu aiwashe. Siku ya pili alirudi kunisalimu tu. Tangu hapo kila pedi isiyo na waya naijaribu kwa makofi.

Sasa nirudi kwa Otmar.

Wote wanne tulikua, na sikumpoteza hata mmoja. Otmar alihamia Liuli, akaoa huko, akawa anakausha usipa, wale dagaa wa ziwani, na kuupandisha Mbinga kuuza. Alikuwa mtu wa mikono: anafunga magunia, anapiga misumari vichanja, anaeleza habari kwa kuchora hewani. Alijinunulia kiboksi cha gemu kwa ajili ya ile ya panya tu, na kila nikienda kumtembelea lazima anishinde mbele ya watoto wake.

Mwaka jana, wakati huku juu tunaanika kahawa, alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea wote, mguu na mkono. Hospitali walifanya kazi yao, mguu ukarudi kiasi cha kutembelea fimbo, maneno yakarudi taratibu. Mkono haukurudi. Mkewe Grace, wifi yangu, alinipigia simu.

"Wifi, njoo umwone ndugu yako. Kula anakula. Ila hasemi neno la kesho. Nikimuuliza tupande nini, tumtume nani Mbinga, ananijibu habari za zamani. Kama mtu anayefunga mzigo."

Nilishuka. Nilimkuta amekaa kivulini, marafiki zake wakija anawaambia amechoka. Grace akanieleza kwamba alijaribu kucheza gemu yake ya panya. Lakini pedi imetengenezwa kwa mikono miwili, hata kama gemu inataka kidole kimoja. Akiishika kwa kushoto tu inapinduka, akiiweka mapajani inateleza. Ilipoanguka mara ya tatu aliirusha nje, ikatua juu ya kichanja katikati ya usipa. Kuanzia siku hiyo tivii ilifunikwa kitambaa.

Nilikuwa nimestaafu, macho yangu hayapendi tena waya nyembamba. Hata hivyo nilirudi Mbinga, nikavuta sanduku la vifaa uvunguni, nikavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Vunjeni mbavu, lakini inafanya kazi. Nilitaka kijiti cha mezani kinachochezwa kwa mkono mmoja. Nilitoa ubongo wa kibodi mbovu, kile kibao cha ndani, nikaunga waya nne kwa risasi ya kuchomelea pale penye batani za mishale, ili kiboksi kidhani kinabonyezewa kibodi. Chini ya kijiti nikafunga swichi nne nilizozivua kwenye mausi za zamani, zile zinazolia *tik*. Kishikio nilikichonga kwenye shina la mbuni, mti wetu wa kahawa wa Maguu uliokauka, mti mgumu, ukisuguliwa unakuwa kama pembe.

Kisha huruma ikaniingia kazini. Nikajisemea, mgonjwa huyu. Nikatumia ubao mwepesi asije akachoka. Nikatoa springi ngumu nikaweka laini. Na lile bamba la msalaba nikaliacha kabisa, kijiti kiende popote bila kumsumbua. Mimi, Bibiana, niliyechekwa na Mzee Gervas kwa kosa hilohilo, nikalirudia nikiwa na mvi.

Nilishuka tena Liuli nikiwa nimekipakata kwenye basi. Otmar alikubali kujaribu kwa ajili yangu tu, nilimwona usoni. Alipokisukuma kijiti kulia, boksi zima likaenda kulia. Alipokivuta, likamfuata. Grace akaacha alichokuwa anafanya, akaja kulishikilia kwa mikono yote miwili. Panya akafa. Akafa tena. Otmar akaachia kijiti.

"Dada, hata hiki kinataka kushikiliwa. Kama mimi."

Hakuna mteja aliyewahi kunipiga kofi zito kama lile. Ndipo akaongeza, mdomo wake umepinda upande mmoja, sikujua kama ni ugonjwa au ni kucheka:

"Na kinanizamisha."

Nilitoka nje nikaenda mpaka ufukweni, ambako akina mama walikuwa wanageuza usipa. Nilijionea aibu, lakini aibu ya fundi, ile inayokurudisha kazini. Nilikuwa nimemtengenezea mgonjwa. Otmar hakuwa ameomba kijiti cha mgonjwa. Alikuwa anataka kijiti cha bingwa, kinachokaa mahali pake wakati mtu anakishambulia kwa mkono mmoja. Nikakunja kanga, nikaanza kuokota mawe ya ziwani, yale bapa mazito. Mama mmoja akaniuliza kama najenga. Nikamwambia ndiyo.

Niliyapanga mawe ndani ya boksi, nikayabana na vitambaa yasigongane, mpaka likawa zito kama mtoto wa mwaka mmoja. Chini yake nikabandika vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, lishike meza. Springi ngumu nilikuwa nayo mkobani, nikairudisha. Ikabaki bamba. Chuma sikuwa nacho, nikatazama huku na huku jikoni, nikaona ndoo nene ya maji ya wifi, nikakivua kifuniko chake.

"Wifi, kifuniko hicho ni cha ndoo yangu nzuri," alisema Grace.

Nikamwambia alikuwa anacho, sasa anacho Otmar. Plastiki nene ya kifuniko ni bora kuliko chuma kwa kazi hii, haili kijiti na haipigi kelele. Nililikata tundu la msalaba kwa kisu cha moto na tupa, nikilipima kwa kidole, macho yamefumbwa kama yule mzee wangu.

Asubuhi iliyofuata Otmar alikaa mbele ya tivii. Alisukuma kijiti kulia kwa nguvu zote za mkono wa kushoto, nadhani alitaka kuniaibisha. Boksi halikutikisika. *Tik.* Akavuta chini. *Tik.* Akaanza. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mabega yake yalishuka, shingo ikatoka mbele, nikamwona tena yule kijana aliyeniletea unga na maharage. Grace alisimama mlangoni, mikono imejaa magamba, hakuthubutu kuingia. Majirani wawili waliokuwa wamezoea kuambiwa amechoka wakasogea dirishani, na mmoja akasema paka wa kwanza atamkamata sasa hivi. Otmar akamjibu bila kugeuka kwamba asubiri amalize ghala hili, kisha yeye ndiye atakaa hapa akamatwe.

Alimaliza maghala manne. Jirani akakaa, akakamatwa kona ya pili, akatukanwa kwa upendo.

Walipoondoka, Otmar alibaki ameshika kishikio cha mbuni. Akaniuliza kama kiboksi kile bado kina gemu ya mawe yanayoanguka, ile unayasogelea kwa kijiti na kuyalipua kwa batani. Nikasema ipo. Nikamweleza kwamba hiyo inataka batani, na kwamba naweza kuiweka juu ya kishikio kilekile, gumba la kushoto liibonyeze. Nilikuwa nimeshaanza kupima kwa macho.

Aliutazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani, kama unavyomtazama mgeni aliyekaa muda mrefu bila kusema shida yake.

"Weka kulia."

"Otmar, mkono huo..."

"Naujua mkono huo, Dada. Wewe weka kulia. Iwe inausubiri."

Kama mngekuwa wanafunzi wangu mwaka uliotangulia, ningewafundisha kwamba fundi mwerevu angeweka kushoto. Nilitoboa tundu upande wa kulia. Batani niliyoifunga hapo si ya dukani. Lile sanduku la Mzee Gervas lilipokufa na kubomolewa, nilivua batani yake moja kubwa nyekundu, ya kuanzishia mchezo, nikaihifadhi miaka yote kwenye kopo la vifungo. Haifanani na swichi za mausi. Ina sauti nzito, inasema *tak*, na inataka kusukumwa kwa nia. Sikuilegeza springi yake hata kidogo.

Nilirudi nyumbani. Grace alinipa habari kila wiki: Otmar ametuma mtu Mbinga na magunia, Otmar anataka kichanja kipya kabla ya mvua, Otmar kila siku anaubeba mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, anaulaza juu ya batani, anauacha hapo kama kuku anayeatamia, kisha anaendelea na panya wake. Habari za zamani zilipungua. Mimi sikuuliza kuhusu batani.

Juzi Jumapili simu iliita nikiwa namenya viazi. Jina la Grace. Nikaitikia, hakujibu, nikasikia tivii, na kwa mbali *tik, tik* za kijiti changu. Nikadhani amebonyeza simu kwa bahati mbaya. Nilitaka kukata.

*Tak.*

Nikaweka kisu chini. Nikasikia mtu anahema kama anayepandisha gunia. Nazijua sauti za kazi zangu zote, wadogo zangu, hata kwenye simu, hata kwa macho yaliyochoka.

*Tak.*